Kupitisha Bomba Chini ya Barabara Bila Kukata Lami: Mwongozo Kamili wa Kudrili kwa Kuelekeza

Barabara ikishatiwa lami, mwenye barabara hataki kusikia habari ya mtaro. Ndiyo maana siku hizi bomba la maji, mfereji wa kebo ya umeme au wa faiba hupitishwa kwa mashine inayotoboa kutoka upande mmoja na kutokea upande wa pili, magari yakiendelea kupita juu. Mashine yenyewe hudanganya macho. Anayeitazama huona nguvu ya kusukuma na kuvuta, akadhani ndiyo kazi. Tundu hushikiliwa na tope linalopigwa ndani yake, na kazi hii huharibika kwa tope baya, kwa haraka ya kuvuta, au kwa udongo ambao hakuna aliyeuchungulia kabla ya mashine kushushwa kwenye lori.

Tutafuata kazi moja ya mfano mpaka mwisho: bomba la maji la HDPE (plastiki ngumu) la milimita 160, SDR 11 (yaani kipenyo ni mara 11 ya unene wa ukuta), linavuka barabara ya lami katika udongo mweusi wa uwanda wa Kano, mashariki mwa Kisumu. Mashine ni ya tani 10 ya kuvuta, rodi zake ni za mita 3, pampu yake ya tope hutoa lita 150 kwa dakika. Ukiwa na bomba au mashine nyingine, badilisha tarakimu ufuate hesabu ile ile.

Onyo moja kabla ya kuanza. Njia hii hufaa sana kwa maji ya shinikizo, umeme na faiba. Majitaka yanayotiririka kwa mteremko pekee ni habari nyingine: mashine ndogo haiwezi kuahidi mteremko wa nusu asilimia, na sentimita chache za mbonyeo katikati zinatosha kukusanya uchafu mpaka bomba lizibe. Mteja akikuomba hilo, mwambie ukweli mapema.

Ruhusa, na vilivyozikwa tayari

Jua kwanza barabara ni ya nani. Barabara kuu za kitaifa ziko chini ya KeNHA, za mijini chini ya KURA, za mashambani chini ya KeRRA. Mashirika yote matatu yaliundwa na Sheria ya Barabara ya Kenya ya 2007. Barabara nyingi za mitaa ni za kaunti. Njia ikikata reli, ruhusa nyingine ni ya Shirika la Reli. Peleka mchoro unaoonyesha kina, kipenyo cha tundu na umbali wa mashimo kutoka ukingo wa lami. Barua ya maneno matupu hurudishwa.

Kisha waandikie wenye vitu vilivyo chini: Kenya Power, kampuni ya maji (KIWASCO kwa Kisumu, NAWASSCO kwa Nakuru), na kila kampuni ya faiba ambayo vifuniko vyake unaviona kando ya barabara. Bomba la mafuta la Kenya Pipeline hupita Nakuru na Eldoret, na tawi lake hushuka Kisumu kutoka Sinendet. Ukiona nguzo zake karibu na njia yako, usiguse ardhi mpaka mtu wao afike na kusimama hapo.

Ramani hazitoshi. Pita na kifaa cha kutambua kebo juu ya njia nzima, kisha kila kitu kinachokatiza njia yako kichimbue kwa jembe na koleo mpaka ukione kwa macho na upime kina chake. Kebo iliyoandikwa kuwa iko mita 0.9 huenda iko mita 1.6, kwa sababu barabara iliinuliwa miaka mingi baada ya kebo kuzikwa.

Mitaani, adui hayumo kwenye ramani yoyote. Manyatta na Nyalenda, mitaa ya Kisumu, zina visima vifupi vingi vilivyochimbwa kwa mkono, na vyoo vya shimo viko karibu navyo. Tundu likipita katika choo, tope lote humezwa na hutaona hata tone likirudi. Likipita karibu na kisima, maji ya watu hugeuka rangi ya maziwa siku hiyo hiyo. Tembea na mzee wa mtaa au mama mwenye ploti, uliza choo cha zamani kilichofunikwa kiko wapi, tia alama.

Kuuchungulia udongo

Toboa kwa oga ya mkono (skrubu ndefu ya kutobolea udongo), au chimba mashimo ya majaribio, kila mita 20 hadi 30 kandokando ya njia, mpaka nusu mita chini ya kina cha bomba. Oga ikigoma kabla ya hapo, chimba shimo ujue imegonga nini. Kazi hii huchukua nusu siku, na hakuna nusu siku nyingine yenye thamani kama hiyo katika mradi mzima.

Utakachokutana nacho hutegemea uko wapi. Uwanda wa Kano, kuanzia pembezoni mwa Kisumu hadi Ahero, ni udongo mweusi unaovimba ukinywa maji na kupasuka ukikauka. Maji ya chini yako karibu na hulainisha kila kitu msimu wa mvua. Huo hutobolewa kwa urahisi na kuvutwa kwa taabu. Ukielekea Kisian na Maseno unaingia kwenye mawe makubwa ya itale, mengine yamezikwa kabisa; pua ya kawaida (kichwa cha kutobolea kilicho mbele ya rodi) ikigonga jiwe la namna hiyo hukengeuka, na mashine ndogo haina la kufanya. Kakamega na Vihiga kuna udongo mwekundu mzito, na tabaka la maramu ngumu juu yake mahali pengi. Eldoret na Kericho, chini ya udongo mwekundu kuna fonolaiti, mwamba wa volkano unaohitaji nyundo ya hewa au mota ya tope yenye meno ya mwamba. Usiahidi bei ya udongo mahali penye mwamba.

Nakuru ina tabia yake. Mji umekaa juu ya majivu ya volkano, pumisi na mchanga mwepesi wa ziwa la zamani, na ardhi yake ina nyufa ambazo mvua kubwa huzifungua. Tundu husimama vizuri dakika tano, kisha huporomoka. Tope huingia kwenye ufa likapotea. Ukiwa Nakuru panga tope zito zaidi na maji mengi zaidi ya hesabu.

Kuchora njia

Mashine huusoma mwinamo kwa asilimia: asilimia 1 ni sentimita 1 ya kushuka kwa kila mita ya usawa, na asilimia 100 ni nyuzi 45. Rodi hazipendi kukunjwa. Kila aina ina kikomo cha mabadiliko ya mwinamo kwa rodi moja, kimeandikwa kwenye kitabu cha mashine. Kukipita leo hakuvunji rodi leo, huivunja wiki ijayo chini ya barabara ya mtu mwingine. Kwa mfano wetu tunabadilisha asilimia 4 tu kwa kila rodi, yaani mviringo wenye nusu kipenyo cha mita 75. Bomba la 160 hata halitahisi.

Kina kwanza. Kanuni ya kazi ni kwamba udongo juu ya tundu uwe angalau mara 12 ya kipenyo cha rima (kichwa cha kupanulia tundu) kubwa zaidi, la sivyo tope litapasua lami au kuiinua. Kwa bomba la kadiri hii tundu huwa mara moja na nusu ya kipenyo cha bomba: 160 mara 1.5 ni 240, kwa hiyo rima ya 250. Mara 12 ni mita 3. Tunalenga mita 3.5 chini ya barabara, ikiwa kibali hakidai zaidi.

Tunaingia kwa mwinamo wa asilimia 24. Rodi mbili za kwanza zinakwenda moja kwa moja: kila moja hushuka sentimita 70, jumla mita 1.4. Kisha rodi sita zinanyoosha mwinamo kutoka 24 hadi 0, kwa wastani wa asilimia 12, nazo hushuka mita 2.1. Jumla mita 3.5 baada ya rodi 8. Kwa hiyo pua inaingia ardhini mita 24 kabla ya mahali unapotaka kuwa sawa, na wengi wakifika uwanjani hukuta hawana mita hizo kwa sababu kuna duka, mti au geti la shule. Hapo ndipo watu hulazimisha kona kali. Afadhali uhamishe njia.

Sehemu ya usawa ni rodi 8, mita 24, inayotosha lami, mabega na mitaro ya pande zote mbili. Kupanda tunamalizia na asilimia 20: rodi 5 za kuinua mwinamo hupandisha mita 1.5, na mita 2 zilizobaki zinahitaji mita 10 za kwenda moja kwa moja. Jumla ni rodi 25 hivi, mita 75. Andika jedwali la rodi 25 lenye safu tatu: mwinamo unaotakiwa, kina kinachotakiwa, na nafasi tupu za vipimo halisi. Mtu wa lokata (kifaa cha kufuatilia pua kutoka juu ya ardhi) na opereta kila mmoja awe na nakala yake.

Kupanga uwanja

Mashine husimama kwenye mstari hasa wa njia. Ikikaa upande kwa nyuzi mbili, baada ya mita 75 umekosa shimo la kutokea kwa zaidi ya mita mbili na nusu. Zamisha nanga zake mpaka mwisho. Katika udongo mweusi uliolowa nanga hulegea, na mashine huanza kujivuta yenyewe kuelekea barabarani badala ya kuvuta bomba. Ongeza nanga au uziambatishe na bamba la chuma lililozikwa.

Chimba shimo la kuingilia la mita 1 kwa 1.5, kina mita 1, tope lirudi humo na pampu ya majimaji ilinyonye. Shimo la kutokea liwe kama hilo, na nyuma yake nafasi ya kulaza bomba zima lililokwisha kuungwa. Mita 84 za bomba kando ya barabara ya Ahero maana yake ni kuzungumza na wenye vibanda siku mbili kabla, si asubuhi ile.

Mashine iwe na waya wa kutuliza ardhini, mkeka wa chuma anaosimamia opereta uliounganishwa na mashine, na king'ora cha umeme, kinacholia rodi ikigusa kebo, kilichojaribiwa asubuhi. Buti za mpira za kuhimili umeme ni za kila mtu aliye karibu na rodi. King'ora kikilia, aliye juu ya mashine abaki juu, aliye chini asiiguse wala asisogee karibu na rodi, wala na bomba la tope, wala na gari la maji lililounganishwa nalo. Opereta arudishe rodi nyuma polepole, kisha asubiri Kenya Power wathibitishe kuwa laini imezimwa. Umeme ukizimika peke yake usishangilie: mitambo yao hujaribu kuwasha tena.

Tope

Maji peke yake hayafai. Katika udongo mweusi huuvimbisha, katika majivu ya Nakuru huondoka. Bentonaiti, unga wa udongo unaochanganywa na maji kuwa tope, hujenga ngozi nyembamba kwenye kuta za tundu, hubeba vipande vya udongo nje na hulainisha njia ya bomba. Polima hufanya kazi nyingine: huuzingira udongo wa mfinyanzi usinywe maji.

Anza na maji. Pima uasidi kwa karatasi za pH; unataka 8.5 hadi 9.5. Maji ya mto na ya visima vingi hayafiki hapo, na pengine yana chokaa inayozuia bentonaiti kufunguka, nayo huzama chini ya tangi kama mchanga. Tia soda ashi kidogo kidogo, kuanzia nusu kilo kwa lita 1,000, upime tena. Kenya tunayo ya kwetu, kutoka Ziwa Magadi, lakini nunua iliyosafishwa ya unga. Magadi ya kulainisha mboga si kitu kile kile.

Mpangilio ni huu na haubadilishwi: soda ashi, bentonaiti, polima. Polima ikitangulia hushika maji yote na bentonaiti haipati pa kufungukia. Nyunyiza mfuko polepole kwenye mkondo, acha lichanganyike dakika 15 angalau.

Kipimo cha uzito wa tope ni faneli ya Marsh. Jaza, achia, hesabu sekunde za kupita robo ya galoni ya Marekani, mililita 946. Maji matupu huchukua 26. Kwa udongo mweusi lenga 35 hadi 45, bentonaiti kidogo, kilo 10 hadi 15 kwa lita 1,000, na polima ya mfinyanzi kwa kiasi kilichoandikwa kwenye chombo, mara nyingi lita 1 hadi 2. Kwa mchanga na majivu ya Nakuru lenga 50 hadi 60, bentonaiti kilo 25 hadi 30. Changarawe hutaka zaidi. Udongo mweusi unaonata kwenye rima pia huhitaji sabuni ya kuchimbia. Ya kufulia hutoa povu, pampu ikanyonya hewa.

Sasa wingi. Tundu la milimita 250 lina lita 49 kwa kila mita. Mchanga huhitaji tope mara 2 hadi 3 ya ujazo huo, mfinyanzi mara 3 hadi 5. Tukichukua mara 4 ni lita 196 kwa mita, karibu lita 14,700 kwa mita 75. Ongeza tundu la kwanza na uvutaji wa mwisho, utafika lita 20,000: magari mawili ya maji ya lita 10,000, yote mawili yakiwa yamefika kabla ya kuanza kupanua. Maji yakiisha katikati, rima hukaa, udongo huvimba, na ukirudi na maji saa tatu baadaye haizunguki.

Kutoboa tundu la kwanza

Sondi ni kisambaza mawimbi kinachokaa nyuma ya pua. Tia betri mpya, na hakikisha usomaji wa saa, unaoonyesha pua imegeukia wapi, unalingana na ulimi wa chuma uliokatwa mshazari. Zima sondi, tembea na lokata juu ya njia nzima uone kelele ziko wapi; nyaya za 11 na 33 kV zilizo juu, reli, vyuma vya kalvati na nyua za umeme ndiyo visababishi vya kawaida. Chagua masafa yenye kelele ndogo. Washa, weka lokata mita 3 kutoka pua iliyo juu ya ardhi, sawazisha, kisha isogeze uihakiki kwa umbali mwingine. Isiposema kweli juu ya ardhi haitasema kweli chini.

Kuelekeza ni kwa kusukuma bila kuzungusha. Ulimi ukielekea juu pua hupanda, ukielekea kulia huenda kulia. Ukitaka kwenda sawa, zungusha na kusukuma kwa pamoja. Usisukume rodi nzima: sukuma sentimita 30 hadi 60, soma, amua. Katika tope laini la Kano pua huwa nzito kupanda, kwa hiyo vaa ulimi mpana na anza kuinua mwinamo rodi moja mapema.

Na kwenye redio semeni juu, chini, kulia, kushoto. Lokata huandika 12 kwa juu na 6 kwa chini, na kwetu mshale ulio kwenye 12 ni saa sita. Timu yenye watu wawili wanaosoma saa kwa namna mbili itazamisha pua ikitaka kuipandisha.

Sondi haisomwi kwa nukta moja. Kuna nukta ya mbele, nukta ya nyuma, na mstari kati yake. Kina cha kuaminika husomwa ukiwa juu ya mstari huo hasa. Anayesoma kina akiwa kwenye nukta ya mbele anaandika uongo. Kila rodi ikiisha andika mwinamo, kina, na sentimita za kulia au kushoto kutoka bendera ya katikati. Ukikuta umetoka sentimita 20, rudi kwenye mstari taratibu kwa rodi tatu au nne. Kusahihisha kwa rodi moja huacha kona ndani ya tundu, na kona hiyo utakutana nayo bomba likiwa nyuma.

Tazama pia joto la sondi. Likipanda haraka, pua inasugua pasipo tope: simama, pampu, rudi nyuma kidogo. Kila kiungo cha rodi kipakwe grisi yenye shaba na kukazwa kwa kiwango cha kitabu. Rodi za mbele ndizo zinazochoka, kwa hiyo zibadilishe zamu.

Kupanua

Pua ikitoka, iondoe na ufunge rima, na nyuma yake rodi za kufuata ili tundu lisibaki tupu. Kwa mfinyanzi tumia rima ya mbawa iliyo wazi, udongo upite katikati. Rima ya pipa lililoziba hufaa majivu na mchanga, kwa kuwa hubana kuta. Katika udongo mweusi hujigeuza pistoni ya sindano, ikisukuma tope mbele mpaka shinikizo likatafuta njia ya juu.

Mwendo hauamuliwi na opereta, huamuliwa na pampu. Lita 150 kwa dakika zikigawanywa kwa lita 196 za kila mita ni sentimita 77 kwa dakika. Rodi ya mita 3 basi ni dakika 4, na rodi 25 ni dakika 100 bila kuhesabu kufungua viungo. Opereta atasema mashine ina nguvu ya kwenda mara tatu ya hapo. Ina nguvu, ndiyo, pampu haina.

Jambo la kutazama muda wote ni tope linalorudi. Liwe jepesi kama uji, likiwa na chembe za udongo. Likirudi vipande vya mfinyanzi kama mandazi na maji kando, polima ni kidogo au mwendo ni mkubwa. Lisiporudi kabisa, simama. Usiongeze pampu. Rudisha rima rodi moja au mbili, izungushe papo hapo uone kama njia itafunguka. Nakuru huenda limeingia kwenye ufa: acha litulie, ongeza uzito, tia maranda ya mbao au kiziba kingine cha dukani, endelea pole pole.

Mvuto wa kuzungusha ukipanda rodi baada ya rodi, rima imevaa udongo. Sabuni, mwendo mdogo, mizunguko zaidi. Tundu lenye shaka lipitishwe mara ya pili na rima ile ile kabla ya bomba. Saa mbili za kusafisha ni nafuu kuliko bomba lililonasa chini ya lami.

Kuunga na kuvuta bomba

Mabomba 7 ya mita 12 hutoa mita 84. Unga kwa joto, sahani ikiwa nyuzi 210 hadi 220. Ukuta wa SDR 11 ya 160 ni milimita 14.6: baada ya ukingo wa kwanza kutokea, pasha sekunde 145 hivi kwa shinikizo la karibu sufuri, toa sahani na ukutanishe ndani ya sekunde 8, kisha acha ipoe kwenye mashine dakika 20 bila maji wala kupuliza. Vumbi la barabarani likitua kwenye sehemu iliyokwanguliwa, kwangua tena. Jaribu bomba zima kwa shinikizo likiwa bado juu ya ardhi, kwa sababu kiungo kibovu kilicho chini ya barabara hakitengenezwi.

Hesabu ya mvuto: eneo la plastiki yenyewe, yaani ukuta wote wa bomba likikatwa, ni milimita mraba 6,670. Kwa mkazo salama wa niutoni 9 kwa milimita mraba unapata kilonewtoni 60, karibu tani 6. Mashine yetu ni ya tani 10. Maana yake mashine inaweza kulirefusha bomba mpaka likaharibika na opereta asijue. Weka kiungo cha kukatika chini ya tani 6 kati ya swiveli (kiungo kinachozuia bomba lisizunguke na rodi) na kichwa cha kuvutia, na kabla ya kuanza soma mvuto wa rodi na rima pekee ili ujue bomba linachangia kiasi gani.

Swiveli izunguke kwa mkono bila kukwama, ijazwe grisi. Kichwa cha kuvutia kizibwe maji yasiingie. Laza bomba juu ya magurudumu au magunia ya mchanga, lisikwaruzwe na kokoto. Mkwaruzo unaozidi sehemu ya kumi ya ukuta ni wa kukata. Funga waya wa shaba wa kutafutia bomba siku za baadaye, maana plastiki haionekani kwa kifaa chochote cha kebo.

Vuta bila kusimama, tope likiendelea kutoka. Jua likitisha kushuka, anza kesho. Bomba likilala nusu njia usiku mmoja katika udongo mweusi, asubuhi limeshikwa.

Kwa faiba, mifereji mitatu ya milimita 40 hufungwa pamoja na kuhesabiwa kama bomba la 86, hivyo rima ya 150 inatosha. Kila mfereji uwe na kizibo chake, na upitishwe risasi ya kupimia, kuona kama haujabanwa, kabla ya kukabidhiwa.

Tope likitokea juu

Likitokea kwenye majani, simamisha pampu, zungushia magunia ya mchanga, linyonye, kisha endelea kwa mwendo mdogo. Likitokea kwenye lami au lami ikiinuka, simamisha kila kitu, ongoza magari, mwite mwenye barabara. Kuficha hakusaidii, uvimbe ule utashuka wiki chache baadaye ukiacha shimo.

Tope lililotumika ni mali yako mpaka mwisho. Mitaro ya Kisumu hushuka katika mito ya Kisat na Auji, nayo huingia Ziwa Victoria. Ya Nakuru huelekea Ziwa Nakuru, eneo la Ramsar (ardhioevu inayotambuliwa kimataifa) tangu 1990. Bentonaiti haina sumu, lakini huziba matamvua ya samaki na mitaro kwa pamoja. Ibebe kwa gari hadi mahali palipokubaliwa na kaunti na NEMA, mamlaka ya mazingira.

Baada ya bomba kutoka

Usilikate. Bomba lililovutwa limerefuka, na lile lililolala juani Kisumu likafika nyuzi 50 litapoa chini hadi nyuzi 24 hivi. HDPE hufupika milimita 0.2 kwa mita kwa kila nyuzi moja: nyuzi 26, mita 75, ni sentimita 39. Acha mita 2 au zaidi zitokeze kila upande, subiri saa 24, ndipo ukate na kuunga. Wanaokata jioni ile ile hurudi wakalikuta bomba limejirudisha ndani ya udongo.

Jaribu shinikizo tena kwa mara moja na nusu ya shinikizo la kazi, hakiki waya wa shaba unapitisha umeme mwisho hadi mwisho, na kama ulipita karibu na bomba la majitaka, omba kamera ipitishwe humo uone hujalitoboa. Jaza mashimo kwa tabaka za sentimita 15 hadi 20 zikishindiliwa kila moja.

Kisha jedwali la rodi 25 lichorwe upya kwa vipimo halisi, si vya mpango, pamoja na viwianishi vya mashimo mawili. Nakala moja kwa mwenye barabara, moja kwa kampuni ya maji, moja kwako, na nguzo ya alama kila upande ikiwa na kina kimeandikwa juu yake.